Chumba Kisicholipa

Nimehama mara nyingi kuliko mpangaji wangu yeyote, na sijawahi kutoka nje ya geti. Nimehama kwa ndoo, kwa beseni, kwa godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, kutoka chumba cha mbele kwenda cha katikati, kutoka cha katikati kwenda cha nyuma, na kutoka cha nyuma kwenda uani, kwenye chumba ambacho marehemu baba alikijenga kwa ajili ya kuhifadhia mahindi. Kila nilipohama nilikuwa na sababu nzuri, na sababu ilikuwa ileile. Chumba nilichokuwamo kilikuwa kimepata mtu wa kukilipia.

Hapa Ruhuwiko, Songea, wananijua kama mama mwenye nyumba. Wapangaji wananiita hivyo, mafundi wananiita hivyo, hata muuza mboga anayepita asubuhi ananiita hivyo, na kwa jina hilohilo ananipandishia bei. Anaona mtu mwenye nyumba tatu na fremu sita za maduka hawezi kushindwa na fungu la mchicha. Simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye ninayeuza mchicha ningefanya vivyo hivyo.

Hizo nyumba si zangu. Niseme mapema ili tusichoshane. Mali ilikuwa ya baba, na baba alipofariki ikawa yetu, sisi watoto watatu: mimi wa kwanza, mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam, na mdogo wetu wa mwisho aliyeolewa Mbeya. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kuchagua msimamizi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani si muda mrefu, baada ya ndoa yangu ya Njombe kuvunjika bila mtoto, na katika kikao kile sikuwa mjumbe hasa. Nilikuwa naingia na kutoka na birika la chai. Baba mdogo, aliyeshika nafasi ya baba, akauliza nani atabaki Songea kuangalia mali. Mdogo wangu akatazama saa yake. Mdogo wetu akaanza kumfuta mtoto kamasi ambazo sikuziona. Baba mdogo akainua macho, akanikuta nimesimama mbele yake nammiminia.

"Huyu si yupo?" akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuomba wala sikukubali, nilikuwapo tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu mambo yaligeuka: waliokuwa mbali walibaki na chao, na mimi niliyekuwapo ndiye langu halikuonekana.

Na kazi yenyewe, tusidanganyane, niliiweza. Tulianza na nyumba moja na fremu mbili karibu na soko. Baba alikuwa na msemo wake kwamba kodi ukiila inaisha, ukiijenga inazaa. Nikaijenga. Fremu mbili zikawa nne, kisha sita, maana ukuta wa mwisho wa fremu moja ndio ukuta wa kwanza wa fremu inayofuata, na fundi akishakuwapo na mchanga umebaki ni dhambi kumwacha aondoke. Tukanunua kiwanja cha jirani aliyehamia Mbinga, tukainua nyumba ya pili. Ya tatu tuliipata ikiwa pagale, mibuni imeota sebuleni, nikaiezeka, nikaipiga lipu, nikaiweka watu. Ndugu zangu walikuja kila Desemba, tukakaa uani kwenye viti nilivyoazima kwa wapangaji, wakanisikiliza, wakanisifu, kisha wakaamua tujenge tena. Nikisema labda mwaka huu tupumzike, walicheka kwa upendo kabisa. Kupumzika wapi, dada, na mambo yanakwenda?

Nilianza kuhama mwaka ule alipokuja muuguzi aliyepewa uhamisho kutoka Musoma. Alitaka chumba cha self, chenye choo na bafu ndani, na chumba pekee cha namna hiyo kilikuwa changu, kile cha mbele chenye dirisha la barabarani. Nilimtazama yule binti, msafi, mwajiriwa wa serikali, hana kelele, hana mtoto wa kuchora ukutani. Mpangaji wa aina hiyo hapatikani kwa dalali hata ukifunga na kuomba. Nikamwambia arudi kesho. Usiku ule nilihamia chumba cha katikati, na asubuhi nikapiga deki cha mbele kama vile sijawahi kulala humo. Baadaye walikuja mtu na mkewe, wafanyakazi wa ofisi ya wilaya, wakahitaji vyumba viwili vinavyopakana. Nikasogea nyuma. Halafu fundi simu akakipenda cha nyuma kwa sababu kina mlango wake. Nikahamia uani.

Hakuna aliyenifukuza. Mpangishaji hodari anajifukuza mwenyewe. Ukishazoea kukitazama chumba na kukijua kina uzito gani mwezini, huwezi tena kulala ndani yake kwa amani. Unalala lakini unajiona mdaiwa. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi niliyewatafutia pa kulala watu wa mikoa mingi kuliko ninavyoweza kuitaja nililala na harufu ya mahindi ambayo hayakuwamo tena.

Mchana sikuwa na mlango pia. Kazi hii watu wanadhani ni kukaa na kupokea. Kazi hii ni kusikiliza. Nimesikiliza kesi za choo, nani kaacha sabuni, nani kaacha maji yanatiririka, nani kaacha kitu kisichosemeka. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Songea inapouma, kila mtu anataka kuoga maji ya moto na hakuna anayetaka kuongeza umeme kwenye luku ya pamoja. Nimewahi kusuluhisha wanaume wawili wazima, wote wana digrii, waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya pasi. Ninapokula, hodi. Ninapooga, hodi, mama mwenye nyumba, samahani. Na wanasema samahani kwa heshima sana, hata hasira yangu inakosa pa kutua.

Mmoja wa wapangaji wa fremu ni mzee wa Tunduru anayeuza vitambaa. Msimu wa korosho ukifika anafunga duka, anakwenda kwao, na akirudi ananiletea mfuko wa korosho na salamu za watu nisiowajua. Aliponialika harusi ya binti yake nilifurahi kupita kiasi. Nilishona nguo, nikakata tiketi, nikawaaga wapangaji wote kama ninayekwenda Ulaya. Asubuhi ya safari bomba likapasuka chini ya sakafu ya saluni na maji yakaingia duka la dawa la jirani. Nilisimama kwenye maji nimevaa nguo ya harusi, nimeshika simu mkononi namtafuta fundi, na basi likaondoka. Yule mzee aliporudi hakunilaumu. Alisema yote ni mipango ya Mwenyezi Mungu, inshallah itatokea harusi nyingine. Ana binti mmoja tu.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimefungwa. Sikuwaza neno jingine. Nilikuwa na funguo nyingi kiasi kwamba mkoba ulining'inia upande mmoja, na hakuna hata mmoja uliofungua mahali pa kukaa mimi. Nilitaka chumba. Si nyumba, chumba tu, ambacho mtu akija mlangoni awe amekuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya bomba. Chumba kisicholipa, kisichotakiwa kulipa, ambacho nikikitazama nione kuta tu na kitanda.

Nilikuwa na nguruwe Madaba. Rafiki yangu wa shule aliolewa huko, nikampa majike mawili, tukawa tunagawana watoto. Ruhuwiko nisingeweza kuwafuga, nusu ya wapangaji wangu ni Waislamu na waliobaki wana pua. Nguruwe hawakutoka kwenye kodi. Niliwanunua kwa fedha niliyokuja nayo kutoka Njombe, baada ya kuuza cherehani yangu. Wakazaana, nikauza, nikanunua kiwanja kidogo hukohuko Madaba, juu kidogo ya barabara, na pole pole, kwa siri ambayo haikuwa siri bali sikuulizwa tu, nikajenga vyumba viwili na jiko la nje. Dirisha la chumba cha kulala nililitaka kubwa. Fundi alisema nitaumia na baridi, nikamwambia aniachie baridi yangu. Asubuhi ukifungua unaona mashamba ya mahindi yanashuka mpaka bondeni, na hakuna anayekujua kwa jina la nyumba.

Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi nilipeleka kitanda. Nikashona pazia la kitenge, nikalitundika. Nilipanga kwamba kikao cha Desemba kikiisha nitawaeleza kwa utaratibu, watafute mtu wa kuangalia mali za Songea, hata kwa kumlipa, na Januari nitahamia. Hesabu hiyo ilikuwa safi. Lakini ukitoka Dar kwa barabara unapita Madaba kabla ya kufika Songea, na mdogo wangu safari hiyo alikuja na gari lake, akasimama kununua viazi, na muuza viazi, mume wa rafiki yangu, akamwonyesha kwa kidole nyumba ya dada yake.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyolelewa. Mama yetu hakutaka kusikia neno "yangu" kinywani mwa mtoto. Ukisema sahani yangu, alikunyang'anya sahani. Ilikuwa sahani yetu, shuka letu, hata kama shuka lina mkojo wako peke yako. Mtu anayesema yangu, alisema mama, ni mtu aliyeishiwa ndugu. Na sidhani ni kwetu tu. Mtu wa heshima akikukaribisha hasemi karibu kwangu, anasema karibu kwetu, hata kama anaishi na paka. Mke wa kaka yako ni mke wetu, na hakuna anayeelewa vibaya. Lakini adabu hiyo ina upande wake wa pili, na bila upande huo haisimami. Mimi nikisema yetu, wewe unatakiwa unirudishie. Unasema, aa, hapana, hiyo ni yako, jasho lako, Mungu akubariki. Mimi nainamisha kichwa. Hivyo kitu kinakuwa changu bila mimi kukidai, na wote tumebaki watu.

Basi kikao kimekaa uani, tumemaliza mambo ya fremu, baba mdogo akasema amesikia habari njema za Madaba. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu tangu asubuhi. Baba mdogo akaniuliza, kwa sauti ya kujivunia, ile nyumba ni ya nani.

"Ni yetu, baba," nikasema.

Nikainamisha kichwa, nikangoja.

Hakuna aliyenirudishia. Baba mdogo alipiga makofi, wakapiga wote. Mdogo wetu wa Mbeya alinikumbatia akasema dada unatutoa mbali. Mdogo wangu akasema alijua tu, Madaba shule zinaongezeka, walimu wanahangaika na nyumba, ni mahali penyewe kabisa. Nilibaki nimeinamisha kichwa, nikiyatazama makofi hayo kwa masikio. Nadhani hata sasa hawajui kwamba waliniibia, na huenda hawakuniibia. Wao walikaa Dar na Mbeya miaka yote hiyo, mambo hayo ya kurudishiana maneno yalishawatoka, wakalisikia neno kama lilivyo. Mimi ndiye niliyelisema kama alivyotufundisha mama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilijaribu kuyazoa hata hivyo. Wiki ile ile nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia ile nyumba niliijenga kwa nguruwe. Akacheka, akasema anajua, rafiki yangu alimwambia, ndiyo maana wote wananiheshimu. Nikamwambia nilitaka kukaa mle. Akasema kwani nani kakukataza, utakaa tu dada, ukizeeka, sasa hivi kwanza tuiache ifanye kazi. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Si ulisema mwenyewe ni yetu?"

Nikaenda kwa baba mdogo. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, alikuwa amekaa barazani ameweka moja juu ya kigoda. Nilimwamkia, nikakaa chini, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Alisema tangu kaka yake afariki alikuwa analala na hofu moja, kwamba watoto watagombania mali na ukoo utasambaratika kama alivyoona kwa wengine. Siku niliposema neno lile mbele ya kikao, alisema, hofu ile ilimtoka, akalala mpaka asubuhi. Akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyetushika, mwanangu." Nilimpikia uji, nikarudi Ruhuwiko. Njiani nililia kwa hasira, na nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu aliyonisemea yalikuwa mazuri na ya kweli.

Januari ilipita. Sikuhamia Madaba, wala sikukitoa kitanda. Nilijiambia maadamu kitanda kimo, bado nimo. Mdogo wangu kule Dar alikuwa anaendelea na mambo yake kwa simu, na mimi nilikuwa naendelea kumwambia kwamba jiko halijakauka, mlango una kasoro, kisima kinahitaji kuangaliwa. Nilikuwa napangisha kila ukuta wa Songea na kuuzuia mmoja. Kisha siku moja akanitumia ujumbe kwenye kundi letu la ukoo, wote wakiona, kwamba mwalimu mpya wa sekondari amepatikana kupitia mkuu wa shule, anaripoti kesho, na kwamba dada afike amfungulie. Mdogo wetu wa Mbeya akaweka vidole gumba. Baba mdogo, ambaye wajukuu humsomea, akatuma sauti ya kushukuru Mungu.

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Madaba kumkatalia. Nataka ieleweke hivyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: samahani mwalimu, kumetokea kutoelewana, nyumba hii nakaa mimi. Nilikuwa hata nimechagua mahali pa kumpeleka, kwa rafiki yangu, apumzike huku akitafuta kwingine. Mvua ilikuwa imeanza tangu nusu ya njia na haikuonyesha dalili ya kukatika.

Nilimkuta barazani. Msichana, pengine hajafika thelathini, ametoka Kagera safari ya siku nyingi, amekaa juu ya begi na mtoto mchanga amelala mapajani. Magodoro yake yalikuwa yamefunikwa nailoni, na nailoni haikutosha. Aliinuka kwa shida aniamkie.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

Niliitikia. Nikatoa ufunguo. Bado nilikuwa na maneno yangu, nilikuwa nayafungua pamoja na mlango. Nikasema aingie kwanza mtoto asipigwe na baridi, nitamweleza ndani. Tukaingia chumba cha mbele. Akatazama juu, kama watazamavyo wote, kuona kama bati linavuja, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema halivuji, ni bati nene. Akatazama ukuta, nikasema lipu ni ya mwaka juzi tu. Akauliza maji, nikamwonyesha kisima kwa kidole kupitia mlango wa nyuma, nikamwambia hakikauki hata mwezi wa kumi. Niliongea vizuri. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na siku ile niliifanya vizuri kuliko siku zote, na kila neno lilikuwa linanisukuma nje, nami sikuweza kulizuia lililofuata. Uso wake ulianza kulegea. Mtoto akaamka, akatutazama, hakulia.

Akasukuma mlango wa chumba cha kulala. Akasimama kizingitini. Aliona kitanda kimetandikwa, aliona kandambili chini yake, aliona dirisha kubwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia ile mvua ikishuka mashambani. Alikuwa msichana mwenye adabu, hakuingia. Alirudi nyuma hatua moja, akamhamishia mtoto bega la pili, akashusha sauti kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Samahani, mama. Hiki kina mtu?"

Nililitazama lile dirisha.

"Hakina mtu," nikamwambia.

Kisha nikavua viatu, nikapanda juu ya kitanda, nikaanza kushusha pazia.